Ukoko wa Mama Minza

Mwezi uliopita nilikwenda Maganzo kula ugali, na tangu siku hiyo nalala usingizi wa mtoto mchanga. Wanangu wananicheka. Wanasema mzee ametoka Ushirombo, amepanda mabasi mawili, na mgongo wenyewe huu unaolia kama bawaba kavu, eti anakwenda kula ugali kwa bibi wa watu. Wacheke tu. Hawajui kwamba kwa miaka zaidi ya arobaini nimetembea na mashaka kuwa kuna mwanamke niliyemuua kwa ulimi wangu. Na siku hiyo nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani kwa binti yake, anachambua mlenda, hai, mzima, mkali kama pilipili. Habari zake zilinifikia kwa bahati. Kijana mmoja alinijia nimkadirie matofali ya nyumba, tukazungumza, akanieleza kwamba bibi yake aliwahi kuwapikia mafundi waliojenga ghala la pamba, na kwamba hadi leo akimwona mtu anakula ugali kwa kijiko anamgombeza. Nikamuuliza jina. Akasema, "Sisi tunamwita Bibi, ila watu wazima wanamwita Mama Minza." Nilikaa chini palepale, juu ya mfuko wa saruji, matofali yake nikayasahau.

Mwaka wenyewe ni ule watu walipokuwa wanahamishwa kutoka mashambani kwao kwenda kwenye vijiji vipya. Nilitoka nilikotoka, kama kila mtu, hilo tuliache. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa kibarua kwenye ujenzi wa ghala, nje kidogo ya Kahama. Tulilala katika banda la mabati, watu kama arobaini chini, kila mmoja na mkeka wake na fulana yake iliyoning'inia kwenye msumari. Mchana mabati yalichemka hata ukigusa ukuta unaungua, alfajiri yalikuwa baridi yakidondosha maji usoni. Harufu ya banda lile ninayo puani mpaka leo: saruji, jasho, na moshi. Moshi ulitoka jikoni kwa Mama Minza, maana jiko lilikuwa kibanda kilichoegemezwa kwenye ukuta wetu, na alipikia kuni za mkaratusi mbichi kwa sababu hizo ndizo alizoletewa. Alikuwa mjane wa makamo, Msukuma, mnene wa mikono, mwepesi wa matusi ya utani. Mimi ni Msumbwa, basi hakuniita Deo hata siku moja. "Wewe Msumbwa, njoo uinue sufuria hili, nguvu mnazo, akili ndiyo mnaazima kwetu." Nami namjibu, "Tukiazima kwenu si tutarudisha tupu?" Anacheka hadi anashika kiuno. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote. Kila mtu aliyaona, na mwanzoni hakuna aliyeyasema.

Kazi ile ilikuwa na desturi yake ya asubuhi. Kabla kipande cha reli hakijagongwa kutuita kazini, tulijipanga getini na kufunua viganja. Nyapara wetu, Masanja, alipita na fimbo yake mkono wa kushoto, wa kulia kautia mfukoni mwa koti la kaki, jua liwe kali lisiwe kali. Akiona kiganja kigumu anasema, "Ingia." Akiona kidonda, fimbo inaelekea barabarani. Hakuuliza umeumiaje. Kibarua wa siku hakuwa na jina kwenye daftari lolote, na tajiri mwenye kandarasi hakutaka damu kwenye kazi yake wala mtu wa kumsumbua kesho na malalamiko. Ukitolewa, kesho yake kuna mwenzako amesimama mahali pako. Kwa hiyo vidonda tulivificha. Tulikuwa na namna yetu, tukiiita kupiga plasta: unachovya mkono kwenye uji wa saruji, unauacha ukauke, unakwenda getini na kiganja cha kijivu kama cha wenzako wote. Ilikuwa ni ujinga. Saruji mbichi inakula nyama, na leo nikimwona kijana anaikoroga kwa mikono mitupu namfokea hadi watu wanageuka. Lakini wakati ule tulijiona wajanja kweli, na aliyebuni mbinu ile tulimsifu kama daktari.

Sasa, mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kutolewa. Fundi mkuu, Mzee Issa wa Tabora, alikuwa ameniahidi mwiko. Alisema Jumatatu ya wiki inayofuata, ukuta wa mbele ukianza, nitaacha kubeba maji na kusogeza nondo, nitasimama pembeni yake na kujenga. Kwa kibarua, kushika mwiko ni kuvuka mto. Unaacha kuwa "wewe pale," unakuwa fundi fulani. Basi Jumatatu hii, asubuhi, nikiwa peke yangu nyuma ya rundo la nondo, nilivuta moja iliyokuwa chini, na mzigo wote ukateleza ukanibana kidole cha kati cha mkono wa kulia. Nilitia ukosi wa shati mdomoni nikauma, nisipige kelele. Nilipokitoa, nyama ya ndani ya kidole ilikuwa imefunguka, na ukucha ulikuwa umesimama upande. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Akili ilikuwa inahesabu siku: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tano za geti, nifike Jumatatu. Nikaenda kwenye karai la saruji, nikapiga plasta.

Getini nilipita. Kilichonishinda ni sinia. Tulikula watu wanane wanane, ugali mmoja, mboga moja, maharage au dagaa wa ziwani au mlenda. Ugali wa Mama Minza ulikuwa wa moto na mgumu, wa kuukata, kuukanda kiganjani na kuutia shimo kwa kidole gumba. Nani ataukanda ugali wa moto kwa kidole kilichopasuka? Na mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia ya watu, hilo halina mjadala. Jumatatu mchana nilisema tumbo linauma. Jumanne nikasema nimefunga, wakaangua kicheko, maana Kwaresima ilikuwa imeshapita na Wakatoliki wenzangu walikuwa hapohapo wanapiga matonge. Wenzangu wakaanza kunitazama. Kwetu mtu akijitenga na sinia, ama ana kisa na wenzake, ama anaogopa kulishwa kitu. Na njaa nayo ilikuwa inanitafuna. Jioni watu wakienda kuoga mtoni, na Mama Minza akienda kuteka maji, niliingia jikoni kwake na kukwangua ukoko kwenye sufuria kubwa kwa mkono wa kushoto, harakaharaka, huku nasikiliza hatua zake. Ulikuwa umekauka, mtamu, una harufu ya moshi. Nilikula nimechutama kama mwizi, na mwizi ndiye niliyekuwa.

Jumatano mchana, Nkwabi, jamaa aliyelala mkeka wa jirani na wangu, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani, alinigeukia mbele ya wote. "We Deo, siku ya tatu hii. Unatuogopa sisi, au unaogopa chakula?" Watu walisimamisha matonge mikononi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, unapiga kama moyo. Nami, Mungu anisamehe, niliona mlango umefunguliwa nikapita. Nilisema, "Nyinyi ni ndugu zangu. Chakula cha yule mama ndicho sikielewi." Basi. Sentensi moja. Sikumtukana, sikumtaja kwa neno lile baya. Nilidhani nimejipatia siku tatu za kupumua.

Loo! Anayejua nchi ile atajua nilichokifanya. Mwanamke mjane, wa kuja, mwenye macho mekundu, ambayo kule watu huyaita ya mchawi, halafu kijana mwenye afya anasema chakula chake hakieleweki. Jioni ileile kulikuwa na mtu aliyekumbuka kwamba aliharisha wiki iliyopita. Mwingine akakumbuka kwamba mume wa Mama Minza alifia kwenye shimo la almasi huko Maganzo, akauliza kwa nini yeye tu, wenzake wakatoka salama. "Na macho yale mmeyaona?" Eti macho! Macho ya mwanamke aliyeshinda kutwa anapuliza kuni mbichi ili sisi tule. Alhamisi mchana masinia matatu yalirudi jikoni yamejaa. Nilimwona akiyapokea. Aliyaweka chini moja moja, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Sikujua ni moshi au ni kingine. Hakuniita Msumbwa siku hiyo. Alinitazama tu, mimi nikatazama miguu yangu.

Alasiri ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimejilaza kwa muda bandani, homa imenipanda, mkono umevimba hadi kwenye kifundo. Nje ya bati, kwenye kivuli, kulikuwa na watu wanaongea polepole. Sauti ya kwanza ilisema, "Jumamosi tukimaliza kazi aondoke." Sauti ya pili ikauliza, "Na akikataa?" Kisha Nkwabi, ambaye sikujua kama anaweza kunong'ona, akasema, "Akikataa kuna vijana wa kijijini wanajua la kufanya." Nilihisi baridi na mabati yalikuwa ya moto. Niliogopa, nasema kweli, kuliko nilivyoogopa nondo ile. Nilijiambia ni maneno tu ya watu wenye jua kichwani. Nikajiambia imebaki siku mbili za geti. Nikajiambia mengi. Niliutazama mkono, nikaunusa, nikajua kuna kitu ndani kinaoza. Na bado, nisidanganye hapa kwenye uzee, nilifikiria mwiko.

Usiku ule sikulala. Ijumaa alfajiri nilikwenda kwenye pipa la maji na kuuosha mkono. Saruji ilibanduka na ngozi yake. Nilisimama kwenye mstari na zamu yangu ilipofika niliufunua mkono, nikautoa mbele kabisa, karibu na kifua cha nyapara. Masanja alirudi nyuma nusu hatua kwa harufu.

"Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna mtu. Nondo zilinibana Jumatatu asubuhi. Nimeficha."

Fimbo ilianza kuelekea barabarani. Nikasema, "Nitatoka. Ila ngoja niseme, na wote wasikie. Mama Minza hana neno. Nilishindwa kuushika ugali, nikatafuta uongo, nikamsingizia."

Nyuma kuna mtu akapaza sauti, "Ndiyo hayohayo! Si kalogwa mkono!"

"Nani kalogwa?" Nilifoka hadi sauti ikapasuka. "Jumapili nilikula kwake nikaramba na vidole, sikuumwa hata ukucha. Jumatatu asubuhi nikaumia. Jumatatu mchana ndipo nikasusa. Kidonda kimetangulia, maneno yamefuata! Nimesema uongo kwa sababu nataka mwiko!" Nilikuwa nalia, kamasi na machozi pamoja, mtu mzima mwenye ndevu. La ukoko sikulisema, niliona aibu. Nkwabi alikuwa nyuma yangu watu wawili hivi, akasema kwa sauti ndogo, "Deo, ndugu yangu, umetufanya nini?"

Masanja aliishusha fimbo. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimwita dereva wa lori lililoleta saruji, akamwambia anipeleke hospitali ya misheni, na asisimame njiani kupakia mkaa. Kisha akageuka akaenda jikoni. Tulimzoea kuwa mtu wa kula peke yake chumbani kwake, mlango umefungwa, tukasema ana majivuno. Nikiwa nimeshapanda nyuma ya lori nilimwona amekaa kwenye jiwe mbele ya Mama Minza. Ametoa mkono wa kulia mfukoni, ameuosha. Ulikuwa na vidole vitatu. Mama Minza alimwekea kiporo cha ugali, naye akakata tonge kwa mkono ule mbele ya mstari mzima, akala, akakata jingine. Lori likakata kona, sikuona zaidi.

Mganga wa hospitali aliyenipokea alikuwa mtu mfupi mwenye miwani. Alibonyeza mkono, akauinua kwenye mwanga, akaweka kidole chake juu kidogo ya kifundo changu. "Ungekuja Jumapili, ningekata hapa." Nikamuuliza, na leo? Akaniambia leo atakata pingili moja ya kidole cha kati, vingine atapigania. Nilianza kucheka. Sista aliyeshika beseni akadhani homa imenipanda kichwani, akaniambia nisali. Nilisali, lakini huku nacheka, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nimebeba mlima na sasa naambiwa pingili moja! Nilikaa pale zaidi ya mwezi. Asubuhi walitupa uji kwa kijiko, na kila nilipokishika kijiko kwa mkono wa kushoto nilimkumbuka yule mama na masinia yaliyorudi yamejaa.

Niliporudi, jikoni kulikuwa na mwanamume anapika, ugali wake majimaji. "Mama Minza yuko wapi?" Nilipata majibu matatu kwa watu watatu. Mmoja aliniambia aliondoka siku ileile. Mwingine, kwamba alipanda lori la pamba wiki moja baadaye. Wa tatu alishusha sauti, akaniambia alifuatwa na watu, na kwamba nisiulize sana. Masanja alikuwa amehamishiwa kazi nyingine, Nkwabi ameondoka bila kuaga. Mzee Issa alinitazama kidole changu kifupi na kusema, "Mwiko haushikwi kwa ncha ya kidole cha kati. Njoo." Akanipa. Nimejenga kwa mwiko tangu siku hiyo, kutoka Kahama hadi Chato, madarasa, zahanati, makanisa, misikiti, na nyumba za watu nisiowakumbuka. Kazi yote hiyo niliifanya bila kujua kama yule mama alitoka pale kwa miguu yake. Wakati fulani redio ikitangaza habari za vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho yao mekundu, nilitoka nje nikasimama uani. Mke wangu, marehemu, aliuliza mara moja, nikamwambia ni joto.

Basi, Maganzo. Niliingia uani nikapiga magoti, na kupiga magoti kwangu siku hizi ni mradi. "Shikamoo, Mama Minza." "Marahaba. Nani mwenzangu?" Nikafunua mkono wa kulia. Alikishika kile kidole kifupi, akakiminya kama anayekagua muhogo sokoni. "Msumbwa!" alipiga kelele hadi kuku wakaruka. "Hujafa?" Nikamwambia hilo ndilo nililokuja kumuuliza yeye. Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa meupe, safi kabisa. Binti yake Minza alinieleza kwamba tangu waanze kupikia mkaa, miaka mingi sasa, wekundu uliisha wenyewe. Nilishindwa kujizuia, nikalia, na yule bibi akaniambia niache kumlilia kama msiba na yeye bado anadaiwa kupika.

Alinieleza kwa ufupi, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Hakufukuzwa na mtu. Baada ya Masanja kula, wengine walikuja mmoja mmoja, Nkwabi wa kwanza, amejiinamia. Aliondoka wiki tatu baadaye kwa sababu Minza alijifungua. Hayo tu. Miaka yangu yote ile, na mwenzangu alikwenda kubeba mjukuu! Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha, kwa sababu siku ile niliwaambia watu wote getini lakini yeye sikumwambia. Akaendelea kuchambua mlenda wake.

"Mimi nilijua tangu Jumanne," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba una kidonda. Ukoko wangu ulikuwa unaibwa, na alama za kukwangua zilikwenda upande usio wake. Mtu wa mkono wa kushoto hapakuwa na hata mmoja kambini. Nikajiuliza, nani amesusa sinia na ana njaa?"

Nilihisi uso unaniwaka, hata baada ya miaka yote hii. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, wakati watu wanamrudishia chakula na kumsengenya.

"Ningesema mimi kwamba mkono wako una kidonda ambacho hakuna aliyekiona, wangesemaje?" Alinitazama kwa macho yale meupe. "Wangesema nimekijuaje? Nimekitia mimi. Neno lilikuwa lako, Msumbwa, ulitoe wewe. Nilichoweza ni kukulisha hadi ulitoe. Kwani ulidhani mimi ni mpishi wa kuunguza ugali siku tatu mfululizo? Ule ukoko nilikuwa nauacha mnene makusudi."

Minza alileta maji tukanawa, ukaja ugali wa moto, mgumu, na mlenda, tukala sinia moja sisi watatu. Tulipomaliza bibi aliinuka taratibu, akaenda jikoni, akarudi amekumbatia sufuria, akaliweka mbele yangu na kurudi kwenye kigoda chake. Ukoko ulikuwa umeshika chini kote, mnene. Nikaukwangua kwa mkono wa kulia.